Ubao Uliopanda na Maji

Asubuhi zote za mwaka ule, Zéphirin alipotoka nyumbani kwenda majabalini, mkewe Berthe alimsindikiza kwa maneno yale yale kutoka jikoni.

"Salimia muke mudogo! Umwambie muke mukubwa iko nauliza habari yake!"

Zéphirin hakugeuka. Aliinua fimbo yake kidogo, kama askofu anayebariki umati, akaendelea kuteremka. Huyo mke mdogo hakuwa mtu. Ulikuwa ubao mwembamba wa urefu wa mita moja na sentimita ishirini, uliopakwa mistari myeusi na myeupe kwa zamu, kila mstari sentimita kumi, umefungwa kwenye nguzo ya zamani katika kona tulivu ambamo jabali kubwa huvunja nguvu ya mto. Kazi ya Zéphirin ilikuwa kutazama maji yamefika mstari wa ngapi, kuandika namba katika daftari, na kurudi. Mtu mwingine angeimaliza kabla chai haijapoa. Yeye alikaa huko hadi jua lilipomchoma kisogo.

Ili mtu aelewe kwa nini alikaa, yafaa kwanza kusema machache juu ya mto, ingawa kusema machache juu ya mto ule ni kazi iliyowashinda wengi, na huenda itashinda hapa pia. Unazaliwa mbali kusini, katika nyanda za Katanga. Unazurura ndani ya mabwawa na maziwa kana kwamba hauna haraka, unapokea maji ya Tanganyika kwa njia ya Lukuga, unapita Kasongo na Kindu ukiitwa Lualaba. Halafu, kuanzia Ponthierville, unajikwaa mara saba. Kwa kadiri ya kilomita mia moja unaanguka, unainuka, unaanguka tena. Kimo cha kila anguko si kikubwa, lakini hasira yake inatosha kuzuia kila meli, na ndiyo sababu ya ile reli iliyopasuliwa msituni. Anguko la saba liko mlangoni mwa mji. Chini yake mto unatulia, unabadili jina na kuitwa Kongo, na meli za Léopoldville zinakuja kufunga kamba bandarini. Mji wenyewe ramani za wakati ule ziliuita Stanleyville. Wenyeji waliuita Kisangani, na wengine Boyoma. Kwa Wagenia, watu wa Zéphirin, majina hayo yaliletwa na wapita njia, na wapita njia walikuwa wengi: wafanyabiashara wenye kanzu na bunduki, wazungu wenye darubini, mapadri, maaskari. Wote walihitaji wapiga makasia wa kuwavusha, wakavushwa, wakaenda zao. Wagenia walibaki na anguko lao.

Walisimika nguzo ndefu katika matundu ya majabali, wakaziunga kwa kekele, zile kamba ngumu za msituni, bila hata msumari mmoja, na katikati ya kishindo cha maji wakatundika makapu makubwa yenye umbo la baragumu, midomo ikielekea mkondo. Kila tundu la jabali lina ukoo wake, kila nguzo ina mwenyewe. Na kuna kanuni moja ambayo hakuna anayeifundisha kwa sababu hakuna asiyeijua: maji yakipanda, unapandisha, yakishuka, unateremsha. Chochote ulichokisahau chini maji yanapopanda umekitoa zawadi kwa mto, na mto haurudishi zawadi.

Zéphirin alikulia juu ya nguzo hizo. Alipanda akiwa hajajua kusali, akafundishwa kusali na misheni kwa sababu, kama alivyosema mama yake, mtoto anayepanda pale anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Katika mwaka wa 1952, akiwa na miaka arobaini na mitatu, aliteleza. Haikuwa dhoruba wala ushujaa. Alikuwa akimwonyesha mwenzake jinsi mtu mwingine alivyoteleza. Alianguka juu ya jabali kabla ya kuanguka majini, na nyonga ya kushoto haikupona sawasawa.

Katika ukoo wake mtu asiyeweza tena kupanda humkabidhi mrithi wake kisu cha kukatia kekele. Kisha huketi uani pamoja na wazee na kusuka makapu, na tangu siku hiyo huitwa mtu wa nchi kavu. Halikuwa tusi. Lilikuwa jina la heshima kwa mtu aliyemaliza zamu yake, na kwa hiyo halikuwa na jibu. Zéphirin alimpa mdogo wake Hubert kile kisu kwa mzaha, akaketi uani, akasuka makapu kwa mwaka mzima na nusu ya mwaka mwingine. Aliyasuka vibaya.

"Yaya," Hubert alimwambia siku moja, kwa jina la huko la kumwita kaka mkubwa, akiinua kapu juu na kumtazama kupitia tundu lake, "samaki banaingia hapa, banasalimia, banatoka. Hii hapana kapu. Iko dirisha."

Ni Hubert huyo huyo aliyeleta wokovu. Mwaka 1954, mwezi wa saba, alifika karani mmoja wa vipimo vya mto, kijana wa kutoka Buta aitwaye Sébastien, mwenye miwani na viatu visivyofaa majabalini. Ofisi yake ilikuwa tayari na kipimo bandarini, chini ya maporomoko. Sasa ilitaka kingine hapa juu. Sébastien alitafuta mtu anayekaa karibu, anayejua kuandika namba, na ambaye kila asubuhi atakuwepo.

"Alors, mutu wa namna ile tuko naye," Hubert alisema. "Mguu wake hapana namuruhusu kukimbia."

Sébastien alipigilia ubao kwenye nguzo kwa misumari minne, mstari wa chini kabisa ukigusa jabali. Alifundisha namna ya kusoma pale mawimbi yanapocheza, namna ya kuandika tarehe, namna ya kukinga daftari na mvua. Alikuwa mwalimu mwangalifu, na alieleza hata mambo yasiyohitaji maelezo. Jambo moja tu hakulieleza, kwa kuwa halikumjia kabisa akilini kwamba lingehitaji kuelezwa. Kisha akapanda gari la ofisi, akaenda kusimika mbao nyingine kwenye mto Lindi na mito mingine ya kaskazini, akiahidi kurudi baada ya mwaka mmoja.

Wiki ya pili Zéphirin aliing'oa misumari. Alifanya hivyo kwa wema. Chuma ndani ya maji hula mti, kila mtu anajua, na ubao ule ulikuwa mzuri mno kuachiwa kutu. Akaufunga kwa kekele, vifundo vitatu, kazi safi. Hubert, akiwa juu ya nguzo zake, alipomwona kaka yake amesimama hadi magotini akikaza kamba, alipiga kelele iliyoshinda kishindo cha mto:

"Eeeh! Mutu wa maji amerudi!"

Na wote waliokuwa juu ya nguzo wakaitikia. Zéphirin alijifanya kutosikia. Alirudi nyumbani, akala lituma, zile ndizi za kupondwa, na majani ya muhogo kama mtu aliyerudi kutoka vitani, akamwambia Berthe kwamba maji yalikuwa mstari wa tatu. Hakumwambia kuhusu ile kelele. Berthe alikuwa ameisikia kutoka nyumbani.

Mwaka ule ulimpendeza kuliko miaka yake yote ya kupanda. Juu ya nguzo mtu hutazama kapu lake tu. Chini, kwenye kona ya ubao, kulikuwa na nafasi ya kutazama kila kitu. Mwezi wa nane, mto ulipokuwa chini, majani mafupi yanayong'ang'ania majabali yalitoka majini na kuchanua maua madogo kuliko punje za mtama, na Zéphirin, aliyeyakanyaga kwa miaka arobaini, aliyaona kwa mara ya kwanza. Ndege wadogo wa kijivu walitaga mayai juu ya mawe makavu. Mwezi wa tisa maji ya msituni yalianza kuja, meusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Mayai yalikuwa yameshaanguliwa. Ndege walijua tarehe bila daftari. Maji yakapanda hadi mwezi wa kumi na mbili, na samaki wakatawanyika kwenda kuzaa ndani ya msitu uliofurika, na makapu yakarudi na ngolo, kambare wenye ndevu na matope. Baada ya Noeli mto ulishuka, ukapumua. Mwezi wa nne ukaja ugeni wa pili, maji ya kusini yenye rangi ya udongo, yakibeba visiwa vya majani vilivyong'oka mahali ambapo hakuna Mgenia aliyewahi kufika.

Na kila mara maji yalipoukaribia mwisho wa ubao, Zéphirin aliuchomoa kwenye kamba zake, akaupandisha kwa urefu wa mkono mmoja, akaufunga tena kwa kamba mpya. Maji yaliposhuka, aliuteremsha. Angewezaje kufanya vinginevyo? Mikono yake ilifanya kazi hiyo kabla ya kichwa kuulizwa.

Sébastien alirudi mwezi wa saba mwaka 1955, siku ya Jumatatu. Viatu vyake sasa vilikuwa vya kufaa. Aliketi juu ya jabali kando ya Zéphirin, akafungua daftari, akasifu mwandiko. Hakuna siku hata moja iliyorukwa. Alifungua ukurasa, akafungua mwingine. Kisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo.

"Papa Zéphirin. Mwezi wa kumi, mstari wa kumi. Mwezi wa kumi na mbili, mstari wa kumi na moja. Pasaka, tisa. Donc, mto haukusogea?"

"Mto?" Zéphirin alicheka. "Mto ilisogea sana! Mwezi ya kumi na mbili ilikula njia yote mupaka kwenye mugomba ya Hubert."

"Na ubao ulisema kumi na moja."

"Ilisema kumi na moja. Nilisoma na macho yote mbili."

"Lakini inawezekana namna gani, Papa?"

"Iko mwepesi. Maji ikipanda, miye napandisha ubao. Ningeiacha izame?"

Hubert, aliyekuwa akining'inia nguzoni hatua chache tu kutoka pale, alisikia yote. Alianza kucheka polepole, kisha kwa nguvu, hadi wenzake wakamshika mshipi asije akafuata njia ya kaka yake.

"Yaya amevua ubao!" alipiga kelele. "Mwaka muzima! Kila siku ubao iko ndani ya kapu!"

Kicheko kilihama kutoka nguzo hadi nguzo, kikavuka mkondo. Zéphirin naye alicheka kwanza, kwa sababu Hubert akicheka ni vigumu kutomfuata. Halafu alimtazama karani. Kijana huyo hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba ameacha mlango wazi yeye mwenyewe.

"Ni kosa langu, Papa. Sikusema. Ubao unakaa mahali pamoja, mto ndio unaotembea juu yake. Wewe uliutembeza ubao pia. Kwa hiyo namba hizi..." Alilifunga daftari taratibu. "Alhamisi natuma ripoti. Nikiandika kwamba hapa hatuna kitu, ofisi itahamishia ubao Lindi. Na kazi yako itaisha."

Zéphirin aliinamisha kichwa. Alikitazama kidole chake cha gumba, chenye alama nyeusi ya penseli ambayo Berthe hakuwahi kufanikiwa kuiosha. Hakuwaza mshahara, ulikuwa mdogo, na samaki wa Hubert walitosha. Aliwaza mkeka uani, wazee watatu, na kapu lenye dirisha. Mtu wa nchi kavu, kwa mara ya pili, na safari hii bila hata kuanguka.

Berthe alikuwa ameshuka kuona kicheko kinatoka wapi. Alisimuliwa na Hubert, ambaye alishindwa kumaliza sentensi. Kila mtu alimtazama yeye sasa, kwani ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kumdhihaki mke mdogo. Hakucheka.

"Mwaka muzima nilicheka," alisema. "Leo hapana." Akamgeukia mumewe. "Ile mara ya kwanza uliipandisha, maji ilikuwa imefika wapi?"

"Ilikuwa imeanza kulamba Tumbo la Sultani," Zéphirin alijibu bila kufikiri.

"Na ya pili?"

"Mapacha yote mbili ilikuwa imezama. Tarumbeta ilikuwa ingali na kichwa inje."

Sébastien aliinua uso. "Hayo ni majina ya nini?"

"Ya mawe," Berthe alisema, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jina la kidole chake. "Mawe yote iko na jina. Weye ulifikiri tunapima maji na nini, mbele ya wewe kuzaliwa?"

Zéphirin alikuwa tayari amesimama. Alisogea kwenye nguzo, akaitazama kuanzia chini hadi juu, na polepole uso wake ukabadilika. Mwezi wa saba mto uko chini, na nguzo ilikuwa imesimama uchi kabisa. Juu yake, kama bangili katika mkono wa bibi harusi, zilikaa pete za kekele, moja juu ya nyingine, kutoka jabalini hadi kimo cha watu wawili. Kwa maana mvuvi wa pale hakati kamba ya zamani afungapo mpya. Ya zamani huachwa ili nguzo isiteleze mkononi, na maji yenyewe ndiyo yatakayoiozesha. Kila mahali ubao ulipowahi kukaa, pete yake ilikuwepo.

"Karani," alisema, "hii ya chini iko mwezi ya saba. Hii nilifunga Tumbo la Sultani ilipolambwa. Hii hapa..." Akasita. "Hii hapa nilifunga mara mbili. Angaria, kifundo mbili."

Sébastien alichomoa utepe wa kupimia mfukoni kwa haraka kiasi kwamba ulimtoka, ukabidi ufukuzwe juu ya majabali.

Siku mbili zilizofuata hazikufanana na kazi. Zilifanana zaidi na matanga yaliyogeuka harusi. Daftari lilionyesha siku ambazo namba ziliruka ghafla, na hizo ndizo siku ambazo ubao ulihamishwa. Pete zilionyesha umbali uliohamishwa. Palipobaki shaka, kwa maana mwezi wa nne maji ya kusini yalikuja kwa haraka na Zéphirin alivuka pete mbili kwa mkupuo mmoja, waliulizwa watu. Hubert alikumbuka kwa makapu yake. Berthe alikumbuka kwa jiwe la kufulia. Mama Madina, mfanyabiashara wa samaki aliyetoka Kasongo na ambaye familia yake iliswali katika msikiti wa mjini, alikuja na kigoda chake, akaketi kama hakimu.

"Idi," alisema, "mwisho wa mwezi wa tano. Nilikuja hapa kutafuta samaki kapitene wa sikukuu. Hakukuwa hata mmoja! Hubert aliniuzia ngolo watatu na uongo kumi."

"Uongo mbili, Mama Madina," Hubert alijitetea. "Ile ingine ilikuwa salamu ya Idi."

"Na maji?" Sébastien aliuliza, penseli ikiwa tayari.

"Maji yalikuwa yamefunika lile jiwe lenu la Tarumbeta, ila mdomo. Najua kwa sababu nilikaa nikilitazama huku nikifikiri nitawaambia nini watoto."

Sébastien aliandika. Aliandika kila kitu, na mara kwa mara alisimama, akauma penseli. Kumbukumbu za watu, alijua, ni kama kamba zile: hushika, lakini nani ajuaye zimelegea wapi? Kitabu cha kipimo cha bandarini kilikuwa ndani ya mkoba wake, pale pale kando ya mguu. Hubert alimwambia akifungue.

"Bado," alisema. "Nikitazama sasa, nitawasaidia bila kujua. Mmalize kwanza, halafu tutaona kama mito miwili inafanana."

Palibaki jambo moja tu, na hilo lilileta ugomvi: siku ya maji makubwa kuliko yote. Pete ya juu kabisa ilikuwepo, lakini daftari lilionyesha mstari ule ule kwa siku mbili mfululizo, Jumapili tarehe tano na Jumatatu tarehe sita ya mwezi wa kumi na mbili.

"Jumapili," Zéphirin alisema. "Siku ya batisimu ya mutoto ya Hubert. Nilishuka hapa na viatu ya kanisa."

"Jumatatu," alisema Berthe.

"Mama Berthe, miye nilikuwa hapa na ubao."

"Na miye nilikuwa na nguo ya batisimu. Jumapili jioni nilifua soksi juu ya jiwe yangu, maji ilikuwa kwenye ukingo. Jumatatu nilikuja kufua kanzu nyeupe, jiwe haiko. Imekwenda. Nilifua ndani ya beseni kama mutu ya Léopoldville! Unafikiri nitasahau?"

"Lakini ubao ilisema..."

"Ubao!" Berthe aliweka mikono kiunoni. "Muke mudogo anasema nini? Anasema ile bwana yake anataka kusikia."

Pale palizuka kicheko ambacho, kwa jinsi wanavyosimulia, kiliwafanya hata wazee wa uani wasimame. Kila mtu ana maelezo yake juu ya namna ile siku ilivyoandikwa sawa mara mbili. Lililo karibu zaidi na ukweli, pengine, ni kwamba Zéphirin, kwa kuhofia viatu vya kanisa, hakusogeza ubao Jumapili, akausogeza Jumatatu asubuhi kabla ya kuusoma, hivyo mstari ukabaki ule ule ingawa maji yalikuwa yamepanda. Yeye mwenyewe hakulikubali wala kulikana.

Sébastien alifungua mkoba. Alikitoa kitabu cha bandari, akakiweka gotini, akaanza kulinganisha mwezi kwa mwezi, midomo ikicheza bila sauti. Hata Hubert alinyamaza, jambo ambalo mkewe hakuliamini aliposimuliwa. Zéphirin alikaa amekumbatia fimbo kwa mikono miwili, macho yake yakifuata kidole cha karani kikishuka ukurasa. Mwezi wa nane. Wa kumi. Kidole kilisimama.

"Maji ya msituni yanapanda wiki ile ile," Sébastien alisema. "Yanashuka wiki ile ile. Ya kusini pia. Tofauti..." alipima kwa jicho, "haizidi kiganja." Akafungua ukurasa wa mwezi wa kumi na mbili, akausoma mara mbili, akamtazama Berthe juu ya miwani yake.

"Maji makubwa kuliko yote bandarini: Jumatatu. Tarehe sita."

Berthe aliinua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga upya taratibu, huku wanawake wakipiga vigelegele na Mama Madina akigonga kigoda. Zéphirin alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, akimwonyesha mkewe kwa fimbo kana kwamba ndiye kapitene mkubwa kuliko wote waliowahi kuvuliwa pale. Kamwe hakuwahi kufurahi hivyo kwa kushindwa.

Ripoti ilitumwa Alhamisi. Ndani yake Sébastien aliandika wazi jinsi vipimo vilivyopatikana, pamoja na majina ya mawe, na akajitaja yeye kuwa ndiye aliyekosea kwa kutokueleza. Alikaa siku nyingi akihofia jibu. Jibu lilikuja fupi: kipimo cha maporomoko kiendelee, msomaji ni yule yule.

Lakini namna ya kuendelea iliamuliwa palepale majabalini, siku ya Jumatano, kabla ya jibu lolote. Sébastien alikuwa ametoa misumari tena.

"Hapana misumari," alisema Zéphirin.

"Papa, ubao lazima usisogee."

"Hautasogea. Leta mbao ingine mbili. Tutafunga moja hapa chini, moja katikati, moja juu, kama ngazi. Maji ikimeza ya kwanza, nasoma ya pili. Na kekele, hapana chuma."

Sébastien alifikiri. Alitafuta kasoro, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tabia yake, lakini hakuiona. "Na utaweza kuuacha ule wa chini uzame?"

Zéphirin aliitazama mikono yake. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, karani."

Mwezi wa kumi maji ya msituni yalirudi, meusi, yenye harufu ya majani. Asubuhi moja Zéphirin alisimama mahali pake na kuyaona yakiufikia mstari wa mwisho wa ubao wa chini. Vidole vyake vilisogea vyenyewe hadi kwenye kifundo. Alivirudisha. Akavisogeza tena. Mwishowe aliikamata fimbo kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, ili mikono iwe na kitu cha kushika.

"Yaya!" Hubert alipiga kelele kutoka juu, akipandisha kapu lake, kile kisu cha kekele kikimetameta kiunoni. "Ubao yako inazama!"

"Wacha izame!" Zéphirin alijibu, na sauti yake ilivuka kishindo chote.

"Hapana pandisha?"

"Weye pandisha ya kwako! Miye niko nasoma!"

Kwenye nguzo zote walisikia, wakacheka, wakarudia: wacha izame, wacha izame. Maji yalipita juu ya mstari mweusi wa mwisho, yakauzungushia povu mara moja, yakaufunika. Zéphirin alitoa penseli nyuma ya sikio. Akainua macho hadi kwenye ubao wa pili, akasubiri wimbi litulie, akaandika: ubao wa katikati, mstari wa kwanza. Halafu, kwa kuwa kulikuwa na nafasi pembeni mwa ukurasa, akaongeza kwa herufi ndogo kwamba Mapacha walikuwa wamezama, na kwamba jiwe la Berthe lilikuwa bado kavu.